Ugoko unauma ukikimbia? Upapase kwanza

Wakimbiaji wengi ugoko ukianza kuuma wanasema ah misuli tu imekaza, wanachua dawa wanaendelea, sasa hapo ndo balaa linapoanzia maana inaweza kuwa ni muwasho tu pembeni ya mfupa (siyo wa kujikuna, ni nyama za hapo zimechokozwa na kukimbia) au mfupa wenyewe umeanza kupata ufa, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Kaa chini, kunja goti, pitisha kidole gumba ukingo wa ndani wa mfupa kuanzia juu kidogo ya kifundo, panda taratibu huku unaminya. Kama maumivu yametapakaa sentimita 5 au zaidi, na ukianza kukimbia yanakuja, mwili ukichemka yanapungua, kesho asubuhi yamerudi, mara nyingi huo ni muwasho. Ila kama ni sehemu moja tu unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole na ukiiminya unashtuka, au panauma hata umelala usiku, acha kukimbia leo leo nenda hospitali. Na usijipime kwa kurukia mguu mmoja kama hata kutembea kunauma! Eksirei ikitoka safi usishangilie mapema, wiki 2 au 3 za mwanzo ufa mara nyingi hauonekani, MRI (kipimo cha picha kinachotumia sumaku) ndo inauona. Ukikutwa nao jiandae wiki 6 hadi 8 hivi bila kukimbia, na ufa ukiwa upande wa mbele wa mfupa unaweza kuchukua muda zaidi, huo ni mkorofi.

Kama ni muwasho huna haja ya kulala kitandani. Punguza kilomita, milima na spidi acha kwanza, endesha baiskeli au ogelea, barafu ifunge kwenye kitambaa uweke dakika 15. Kigimbi kiimarishe, yaani simama unyanyue visigino ushuke polepole, seti nyingine goti likiwa limekunjwa kidogo (hii watu wanairuka sijui kwa nini). Ukiweza kutembea nusu saa bila maumivu, anza kukimbia dakika 1 tembea dakika 1, ongeza kidogo kidogo, yakirudi shuka hatua moja.

Kumeza vidonge vya maumivu ili umalize mazoezi mimi siafiki, unazima kengele tu. Na dada ukiona hedhi imekata huku ugoko unauma mwambie daktari yote mawili, huenda chakula unachokula hakitoshi mazoezi unayofanya na mifupa inadhoofika.