Jinsi ya kuomba ruzuku ya wakfu wa jamii kwa asasi ndogo ya kijijini

Wakfu wa jamii hukusanya fedha za wachangiaji wengi, huziwekeza, kisha hugawa faida yake kwa ajili ya watu wa eneo fulani. Wa kwanza ulianzishwa Cleveland, Marekani, mwaka 1914 na mwanabenki Frederick Goff. Alikuwa ameona wosia nyingi zimefungwa na masharti yaliyokwisha kupitwa na wakati, akataka fedha hizo ziwekwe pamoja na kamati ya wenyeji iamue zinakohitajika.

Kwa hiyo anza na ramani, wazo la mradi lije baadaye. Kila wakfu una mipaka ya eneo unalolihudumia, na ombi la nje ya mipaka hiyo huwekwa kando hata kama ni zuri. Asasi yenye ofisi mjini na kazi kijijini iulize mapema kinachoangaliwa ni ofisi au ni mahali walipo wanufaika, kwa sababu majibu hutofautiana.

Ukishajua kuwa eneo lenu limo, uliza ni mfuko upi hasa unaoombwa. Ndani ya wakfu mmoja huwa na mifuko kadhaa: ipo ambayo bodi ina uhuru wa kuigawa, ipo ya mada maalumu kama elimu au afya, na ipo ambayo mchangiaji mwenyewe hupendekeza fedha ziende wapi. Huo wa mwisho kwa kawaida hauombwi moja kwa moja. Mpigie simu afisa wa miradi kabla ya kuandika chochote. Kumsikiliza kwa dakika chache kunaweza kukuokoa wiki nzima ya kuandika ombi lisilohitajika.

Kisha kusanya nyaraka: cheti cha usajili, katiba, orodha ya wajumbe wa bodi, hesabu za mwaka uliopita, na akaunti ya benki yenye jina la asasi na watia saini wasiopungua wawili. Hakikisha jina la asasi limeandikwa kwa namna ile ile katika zote. Kama kikundi chenu hakijasajiliwa, tafuteni asasi iliyosajiliwa ipokee fedha kwa niaba yenu, mradi wakfu unaruhusu. Asasi hiyo huwajibika kisheria kwa fedha hizo na mara nyingi hukata asilimia fulani kwa kazi ya usimamizi, hivyo andikianeni mkataba kabla ya kuomba. Maneno ya mdomo hapa hayatoshi, hata baina ya marafiki.

Katika andiko la mradi, eleza tatizo kwa takwimu mlizokusanya wenyewe. "Wazee wetu wanateseka" haimsaidii msomaji kuamua. Mwambie ni wazee wangapi, wanatembea umbali gani kufika zahanati, na mlijuaje. Baada ya hapo taja badiliko moja au mawili mtakayoweza kuyapima. Ahadi kumi huleta mashaka, na zote mtakuja kuulizwa.

Bajeti ndiyo sehemu ninayoishauri ichukue muda wako mwingi. Asasi za vijijini hujipunja hapa kwa kuogopa kuonekana ghali, zikaficha gharama ya umbali. Mafuta, nauli za wanaojitolea, bando la simu, usiku wa kulala njiani mvua inapofunga barabara: yote yaandikwe waziwazi, na kila mstari uonyeshe hesabu yake, yaani idadi mara bei mara siku. Usiweke tarakimu za jumla zilizokadiriwa tu. Anayepitia bajeti huziona upesi. Saa za kujitolea na ukumbi mnaoazimwa bure ni mchango wenu, vipeni thamani ya haki. Gharama za uendeshaji nazo ziwekeni kwa kiwango kilichotajwa katika mwongozo wa wakfu. Mwisho, mtu ambaye hakuiandaa bajeti ajumlishe upya.

Fomu nyingi hujazwa kwenye tovuti. Andika majibu yako pembeni kwanza, ukizingatia ukomo wa maneno, ndipo uyanakili, maana intaneti ikikatika katikati unaweza kupoteza yote. Tuma siku mbili tatu kabla ya dirisha la maombi kufungwa na uhifadhi ujumbe wa uthibitisho.

Wakaguzi wa wakfu wanaweza kuja kuwatembelea kabla ya uamuzi. Wawakute mweka hazina na baadhi ya wanufaika, asiwe mwenyekiti peke yake. Mkikubaliwa, someni mkataba wote kabla ya kutia saini: fedha zinakuja kwa awamu ngapi, ripoti ni za lini, stakabadhi zihifadhiwe miaka mingapi. Fedha zilizotolewa kwa kazi maalumu haziruhusiwi kuhamishiwa kazi nyingine bila kibali cha maandishi, na kibali huombwa kabla ya kutumia.

Mkikataliwa, andikeni barua fupi ya shukrani na muulize ni wapi ombi lilipungua. Si kila wakfu utajibu kwa undani. Wakfu ukijibu, liwekeni jibu hilo kwenye faili moja na nyaraka zenu, na muulize dirisha linalofuata linafunguliwa lini.