Trekta Haiwaki kwa Ufunguo? Weka Bisibisi Chini, Shika Mita

Msimu wa kulima unapokaribia Njoro, Rongai na Subukia, trekta zilizolala tangu mavuno hutolewa bandani, na nyingi hugoma kwa ufunguo. Kinachofuata ni kilekile kila mwaka. Dereva anashuka, anasimama mbele ya tairi la nyuma, anapiga shoti kwenye stata, ile mota inayozungusha injini ili iwake, kwa bisibisi ndefu. Injini inanguruma, wanaenda shambani, na kesho asubuhi bisibisi inatoka tena. Wakulima, acheni jambo hili. Linaua. Na lisipoua, linawanunulisha stata mpya kwa kosa ambalo mara nyingi lingeisha kwa spana na kipande cha msasa.

Umeme wa ufunguo hauendi moja kwa moja kwenye stata. Hupitia kwanza swichi ya usalama iliyo kwenye klachi au kwenye gia, na kwenye trekta nyingine hata kwenye PTO, yaani shafti ya nyuma inayoendesha zana. Kazi ya swichi hiyo ni kukata njia trekta ikiwa imeingizwa gia. Bisibisi inairuka. Gia ikiwa ndani, stata yenyewe inaanza kuisukuma trekta, injini inashika, na tairi la nyuma liko hatua moja kutoka mguuni pako. Breki ya mkono haitaishikilia trekta yenye gia nzito. Wala usijidanganye kwamba uko salama kwa kuwa ufunguo umezimwa: kwenye trekta nyingi za zamani zenye stopa ya kuvuta (kivuto cha kuzima injini), pampu ya dizeli haitegemei umeme, kwa hiyo injini itawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako. Kuna na cheche. Betri iliyotoka kuchajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja karibu nayo inatosha kuipasua na kukurushia asidi usoni.

Lever za gia, klachi na PTO mnajua kuziangalia kabla ya kupiga ufunguo, nami sitarudia, ila hili moja: kwenye Massey Ferguson nyingi lever ya mwendo wa juu na wa chini ndiyo inayopaswa kuwa katikati, si ile ya gia peke yake. Wapo waliofungua stata nzima kwa sababu ya lever hiyo.

Sasa chukueni mita. Mita ndogo ya kidijitali ya kupimia volti ni ya bei ndogo ukiilinganisha na stata. Iweke kwenye volti za DC (umeme wa betri), kipimo cha 20.

Anza na betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Ukipima mara tu baada ya kuitoa kwenye chaja, mita itakudanganya. Betri ya volti 12 iliyojaa husoma 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.2 ni nusu, na ikisoma 12.0 au chini usiendelee na vipimo vingine mpaka uichaji, polepole: betri ya Ah 100 (ampea-saa, yaani ukubwa wake) ichajiwe kwa ampea 10, si zaidi. Na msiniambie taa zinawaka. Balbu ya taa kubwa hula ampea 5 hivi. Stata ya trekta ya dizeli hula mamia. Betri inayowasha taa vizuri inaweza kushindwa kabisa kuzungusha injini.

Kipimo cha pili ni betri ikiwa kazini. Vuta stopa ili injini isiwake, weka gia fri, mwenzako akae kitini akiwa amekanyaga klachi. Funga vibano vya mita kwenye vichwa vya betri, simama kando mbali na tairi, kisha apige ufunguo kwa sekunde 5. Volti zisishuke chini ya 9.6. Zikishuka ilhali betri ilisoma 12.6, betri imechoka au stata inavuta kupita kiasi. Usipige stata kwa zaidi ya sekunde 10 mfululizo, na ukishapiga, ipumzishe dakika 2. Wanaong'ang'ania ufunguo nusu dakika ndio wanaochoma stata kisha wanalaumu aliyewauzia.

Kipimo cha tatu ndicho kinachorukwa, na ndipo ugonjwa mwingi umejificha. Ncha moja ya mita iguse risasi (madini) yenyewe ya kichwa cha chanya cha betri, katikati, si kile kibano cha waya. Ncha nyingine ifungwe kwenye boliti nene ya stata mahali waya mkubwa wa betri unapoingia. Funga vibano ufunguo ukiwa umezimwa, ondoka hapo, ndipo mwenzako apige. Mita isizidi 0.5. Rudia upande wa hasi: kutoka risasi ya hasi hadi bodi ya stata, isizidi 0.3. Ukipata volti 2 au 3, umeme wako unapotelea njiani. Piga hesabu: stata ikivuta ampea 300, ukinzani wa ohm 0.01 tu unakula volti 3 nzima. Ukinzani mdogo hivyo ni ule unga mweupe au wa kijani ulio kati ya kichwa na kibano, au tope na rangi chini ya waya wa ethi (ule wa hasi) pale unapofungwa kwenye chasi.

Dawa yake ni kusafisha. Toa waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uwe wa mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa chuma cha trekta umepiga shoti betri nzima. Koroga vijiko viwili vya soda ya kuokea kwenye nusu lita ya maji ya moto, mwagia unga huo huku vifuniko vya betri vimefungwa vizuri, maana tone likiingia ndani linaua asidi. Suuza, kausha, kisha piga msasa kichwa na ndani ya kibano mpaka vyote ving'ae. Kwenye chasi kwangua rangi na kutu hadi chuma kitupu. Kaza kwanza, ndipo upake grisi kwa nje. Waya mkubwa ukiwa umeoza, weka wenye unene uleule. Waya wa nyumba hauwezi kazi hiyo, utachemka na kuungua.

Ikiwa ukipiga ufunguo ni kimya kabisa ilhali betri ni nzima, kosa liko kwenye njia ndogo: fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya usalama au waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata. Chomoa waya huo mwembamba, sasa stata haiwezi kuzunguka. Unganisha balbu ya indiketa ya wati 21 kati ya waya huo na chuma safi cha injini, mwenzako ashikilie ufunguo kwenye kuwasha. Balbu iwake kwa nguvu. Ikiwaka hafifu au isipowaka, fuata waya kurudi nyuma, swichi moja baada ya nyingine. Balbu ni bora hapa kuliko mita, kwa kuwa mita husoma volti 12 hata kwenye waya uliobaki uzi mmoja.

Ukisikia "tak" moja tu, vipimo vyote vikiwa sawa, hapo ndipo stata ifunguliwe: ama solenoidi imeungua ndani au burashi za kaboni zimeisha.

Njia ikiwa safi, stata itazunguka kwa kasi ileile kila asubuhi, na injini ikiwaka, mita kwenye betri itasoma volti kati ya 13.8 na 14.4.

Swichi ya usalama ikifa, nunua nyingine. Fundi akisema aunganishe tu nyaya zake mbili, kataa. Na kabla ya kununua trekta ya mkono wa pili, ipime uwanja tambarare usio na watu: kaa kitini, vuta stopa, kanyaga klachi na breki, ingiza gia, gusa ufunguo. Kisha weka fri, achia klachi, gusa tena. Stata ikizunguka mara zote mbili, swichi imeshaondolewa. Muuzaji airudishe kabla hujatoa pesa.