Gari bado jipya linakula mafuta kupita kiasi: anza kupima kabla hujafungua boneti

Gari la miaka kumi na tano likila mafuta, mwenyewe hashangai. Likiwa na mwaka mmoja, viti bado vina nailoni, ndipo utasikia "nimeuziwa gari bovu". Wengi wanaofika gereji na malalamiko haya wameshahukumu tayari: ni plagi, ni sensa, au kuna mtu aliwaambia ni "setingi". Kwa uzoefu wangu, kwenye gari jipya injini ndiyo mtuhumiwa wa mwisho. Mafuta huishia kwenye namna gari linavyotumika, kwenye magurudumu yanayozuiliwa, au kwenye hesabu iliyokosewa tangu mwanzo. Ndiyo maana nimepanga hatua hizi hivi: za mwanzo hazikugharimu kitu na hazigusi dhamana yako.

Hatua ya 1: Pata namba ya kweli

Wastani unaouona kwenye dashibodi ni makadirio. Kompyuta inajumlisha muda ambao nozeli za injini zimefunguka, kisha inakisia mafuta yaliyopita. Mara nyingi inakupendelea kidogo. Geji ya tangi ndiyo mbaya zaidi, maana nusu ya juu na nusu ya chini hazishuki kwa mwendo mmoja.

Njia ya kuaminika ni ya tangi hadi tangi. Nenda kwenye pampu, gari likiwa limesimama mahali tambarare. Jaza mpaka nozeli ya pampu ikatike yenyewe mara ya kwanza, uishie hapo. Mhudumu atataka kuendelea kubonyeza kidogo kidogo ili afikie namba isiyo na senti. Mkatalie kwa upole. Mafuta yakiingia kwa kasi hutoa povu, povu likitulia nafasi inaonekana, na kila atakapobonyeza tena utaingiza kiasi ambacho huwezi kukirudia safari ijayo. Isitoshe, kwenye magari ya petroli kuna kopo la mkaa linalonasa mvuke wa tangi. Ukijaza hadi shingoni, petroli yenyewe inaweza kufika humo na kuliharibu.

Sasa sufurisha kilomita za safari, endesha kama kawaida yako, na usibadilishe tabia kwa sababu unapima. Tangi likibaki robo, rudi kwenye pampu ileile, simama upande uleule, jaza hadi mkatiko wa kwanza. Tuseme umetembea kilomita 412 na pampu imesoma lita 31.5. Gawanya 412 kwa 31.5: umepata kilomita 13.1 kwa lita. Watengenezaji wengi huandika kinyume, yaani lita kwa kilomita 100, kwa hiyo chukua 31.5, gawanya kwa 412, zidisha mara 100: lita 7.6.

Tangi moja halitoshi. Nozeli ikikatika mapema kwa lita moja na nusu tu, jibu lako limeshapotoka kwa karibu 5%. Pima matangi matatu au manne, kisha jumlisha kilomita zote na lita zote ndipo ugawanye. Usichukue wastani wa wastani. Andika pia odometa kila unapojaza, hasa kama gari lina madereva zaidi ya mmoja. Kuna magari niliyoletewa ambayo hayakuwa na ugonjwa wowote, ila yalikuwa na safari ambazo mwenye gari hakuzijua.

Hatua ya 2: Ujue unalinganisha na nini

Namba iliyoandikwa kwenye kijitabu ilipatikana maabara, magurudumu yakizunguka juu ya mitungi bila gari kwenda popote. Ulaya walitumia kipimo cha NEDC kwa miaka mingi: dakika kama 20, kilomita 11, mwendo wa wastani wa kilomita 34 kwa saa. Tangu 2017 kimeanza kubadilishwa na WLTP, ambacho ni kirefu na kikali zaidi, lakini hata hicho hupimwa AC ikiwa imezimwa, kwenye joto la nyuzi 23. Kipimo cha Marekani kinahesabu AC na baridi, kwa hiyo namba zake huwa karibu zaidi na barabara. Gari lilelile linaweza kuwa na namba tatu tofauti kwenye kurasa tatu, na mteja hushika ile nzuri kuliko zote.

Mwaka 2024 Tume ya Ulaya ilitoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa 2021, yaliyosomwa kwenye kompyuta za magari yenyewe. Ya petroli na dizeli yalitumia takriban 20% zaidi ya kilichoandikwa. Haibridi za kuchomeka umeme zilipitiliza sana: utoaji wake wa hewa ya ukaa barabarani ulikuwa karibu mara tatu na nusu ya namba ya kiwandani, kwa kuwa kipimo kinadhania unachaji mara kwa mara. Kama una gari la aina hiyo na hulichaji, hatua zilizobaki hazikuhusu sana. Chaji gari.

Kwa mfano wetu, kama kijitabu kinasema lita 6.2 na wewe umepata 7.6, umezidi kwa 23%. Hapo uko mpakani. Mimi nikiona chini ya 25% naanza na dereva na njia zake. Ikipita 30% naanza kushuku chuma. Na kama gari limetoka kiwandani juzi, lipe kilomita elfu chache kwanza, kwa kuwa injini, gia na tairi hulegea kidogo na ulaji hushuka.

Hatua ya 3: Zikague safari zako

Injini baridi hupewa mafuta mengi zaidi, na oili nzito ya asubuhi huongeza msuguano. Mtu anayekwenda kilomita tatu, anazima, anarudi kilomita tatu, injini yake karibu haifiki joto la kazi. Hakuna fundi atakayelitibu hilo. Unganisha safari, basi.

Foleni nayo ipigie hesabu. Injini ya kawaida ikinguruma tu, gari limesimama, inakunywa kati ya nusu lita na lita moja kwa saa, na AC inaongeza. Saa moja ya kusimama kila siku kwa siku tano ni lita 2.5 hadi 5 zilizoteketea bila hata kilomita moja. Kwenye lita 31.5 za mfano wetu, hizo peke yake zinaweza kueleza sehemu kubwa ya pengo. Kama gari lako lina mfumo wa kujizima kwenye taa nyekundu na huuoni ukifanya kazi, betri ni ya kwanza kuangaliwa. Ikidhoofika, mfumo hujifungia.

Barabara kuu, kosa ni mwendo. Upinzani wa hewa unakua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 110 kwa saa unakaribia kuwa mara mbili. Keria tupu juu ya paa inakula mafuta hata kama hujabeba kitu, hivyo ifungue. Injini ndogo zenye tabo ndizo zinazodanganya zaidi: ukikanyaga taratibu zina kiu ya injini ndogo, ukikanyaga kwa nguvu zina kiu ya injini kubwa.

Hatua ya 4: Tairi

Pima upepo asubuhi, tairi zikiwa baridi, na utumie namba ya kibandiko kilichoko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu cha tairi, haihusiani na gari lako. Usingoje taa ya dashibodi. Kwa kanuni ya Marekani, taa hiyo inalazimika kuwaka upepo ukishapungua kwa robo nzima.

Hata hivyo tusiipe tairi lawama isiyo yake. Kila psi 1 (kipimo cha upepo) iliyopungua inakugharimu takriban 0.2% ya mafuta. Ukiwa umepungukiwa na psi 8 pande zote, hiyo haijafika hata 2%. Jaza kwa ajili ya usalama na maisha ya tairi, lakini usitegemee pengo la 30% lizibwe na kompresa.

Kilicho muhimu zaidi ni kama mtu amebadilisha rimu na tairi. Tairi pana na nzito zinakula. Na tairi yenye kipenyo kikubwa kwa 3% inafanya odometa isome pungufu kwa 3%, kwa hiyo gari linaonekana mlafi kuliko lilivyo. Linganisha odometa na ramani ya simu kwenye barabara iliyonyooka uone.

Kisha pitisha kiganja juu ya kashata za tairi za mbele, kutoka ndani kwenda nje, halafu urudi. Ikiwa upande mmoja unateleza laini na ukirudi unakwaruza kama meno ya msumeno, alaimenti imeharibika na tairi zinaburuzwa. Gari jipya likiingia shimo moja baya, linatosha.

Hatua ya 5: Breki zinazoshika

Hapa ndipo ninapopata majibu mengi kwenye magari mapya, hasa yaliyokaa bandarini au yadi kwa miezi bila kutembea. Diski hupata kutu, pini ambazo kaliba (kishikio cha pedi za breki) inatelezea hukauka grisi, na pedi zinabaki zimegusa diski hata ukitoa mguu. Breki ya mkono ya umeme nayo huweza isiachie vizuri upande mmoja.

Endesha dakika 20 kwenye barabara isiyo na foleni. Unapokaribia kusimama, achia mafuta mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe, na utumie breki kidogo iwezekanavyo. Shuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Usiguse diski kabisa, inaweza kukuunguza. Unatafuta tofauti kati ya kushoto na kulia: mbele kuwa na joto kuliko nyuma ni kawaida, lakini gurudumu moja likikupulizia joto wakati mwenzake wa upande wa pili ni vuguvugu, umempata. Ukiwa na kipimajoto cha miale, soma katikati ya diski zote na uandike. Mara nyingine pua ndiyo inayotangulia, kwa harufu kali ya pedi zilizoungua, na rimu hiyo ina vumbi jeusi kuliko nyingine.

Hakikisha kwa jeki. Weka kigingi kwenye magurudumu yaliyobaki chini, inua lile unalolishuku, zungusha kwa mkono. Mkwaruzo mwepesi ni wa kawaida. Gurudumu likigoma, au likisimama papo hapo ukiliachia wakati la upande wa pili linaendelea, usilifungue wewe. Hilo ni la dhamana.

Kabla hujalaumu breki, muulize pia anayeendesha kama mguu wa kushoto hupumzika juu ya pedali. Gari la gia otomatiki linavumilia tabia hiyo kimya kimya.

Hatua ya 6: Joto na kompyuta

Nunua kisomeo kidogo cha OBD, yaani mfumo wa gari wa kujikagua, kinachounganishwa na simu. Tundu lake liko chini ya usukani kwenye takriban kila gari la sasa. Angalia joto la maji ya injini ukiwa njiani: kwenye magari mengi linatakiwa lifike nyuzi 85 hadi 100 na likae hapo. Kama linapanda hadi 90 kwenye foleni na kuporomoka hadi 65 ukishika kasi, thamostati, yaani vali inayodhibiti maji ya kupoza injini, imekwama wazi. Injini inajidhania bado ni asubuhi na inaendelea kumiminiwa mafuta. Mshale wa dashibodi hautakuonyesha, kwa sababu umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi nyingi. Msimbo wake wa hitilafu kwenye kompyuta ni P0128, ila gari linaweza kuteseka muda mrefu kabla ya kuuandika.

Angalia pia marekebisho ya muda mrefu ya mafuta (long term fuel trim), yaani asilimia ya mafuta ambayo kompyuta imejifunza kuongeza au kupunguza. Yakiwa ndani ya 10% juu au chini, endelea na mengine. Yakizidi hapo upande wa kuongeza, usikimbilie kusema gari linakula: kompyuta inaweza kuwa inafidia hewa iliyovujia ndani, na mchanganyiko ukabaki sawa. Lakini kama bomba la moshi linavuja kabla ya sensa ya oksijeni, sensa inadanganywa na mafuta ya ziada yanachomwa kweli.

Wa dizeli: feni ikiendelea kuunguruma baada ya kuzima gari, au mzunguko wa injini ukapanda bila sababu gari likiwa limesimama, kichujio cha masizi kinajisafisha. Ikitokea kila baada ya kilomita mia moja hivi, safari zako ni fupi mno au kuna kasoro. Chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa imepanda juu ya alama, dizeli inaingia humo, na hilo halingojei wiki ijayo.

Chujio la hewa na plagi nimeviacha makusudi. Kwenye injini ya kisasa ya petroli, chujio chafu hupunguza nguvu kuliko linavyoongeza ulaji, na plagi za gari jipya hazijachoka. Sumaku za kwenye bomba la mafuta na dawa za kumwaga tangini, weka pesa yako mfukoni.

Hatua ya 7: Kwenda kwa wakala

Usiseme "linakula mafuta". Utaambiwa ni kawaida, na huna la kujibu. Peleka karatasi: tarehe, odometa, lita, wastani wa matangi yote, joto la kila gurudumu, joto la maji ukiwa kasi. Omba fundi aende nawe barabarani na kisomeo kikiwa kimechomekwa, na aangalie kama kuna programu mpya ya injini au ya gia kwa modeli yako. Oili waliyoweka nayo iandikwe kwa namba; gari linalotaka oili nyepesi ya 0W-20 likijazwa nzito ya 20W-50 litalipa kwa mafuta.

Mpaka hapo usikubali mtu "akuchipie" kompyuta, yaani abadilishe programu ya injini, wala kukata waya wowote. Na hata wakikuambia hawajaona kitu, ondoka na hati ya kazi yenye tarehe, lalamiko lako kwa maneno yako, na vipimo walivyosoma. Kasoro ikijitokeza wazi baada ya dhamana kuisha, hati hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba uliiripoti ikiwa bado ndani ya muda.