Somo: Kukagua njia ya hewa wodini, kabla ya nusu kaputi

Wenzangu wa vituo vya afya na hospitali za wilaya, kuanzia Kondoa hadi Manyoni, kazi hii ni ya wodini, si ya thieta. Ukijua mapema kwamba njia ya hewa ni ngumu, yaani itakuwa shida kumpumulisha mgonjwa kwa maski au kumwekea tyubu (bomba la kupumulia), bado una nafasi ya kuchagua: ganzi ya mgongo, kumwita mwenzako mzoefu, au rufaa kwenda Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Ukijua baada ya kumchoma dawa ya kulegeza misuli, mgonjwa ameshaacha kupumua na saa inakimbia.

Hatua ya 1: Uliza. Amewahi kulazwa usingizi? Aliamka na jino limevunjika, au aliambiwa "ulitusumbua"? Jibu hilo lina uzito kuliko kipimo chochote kinachofuata. Kuhusu kukoroma usimuulize yeye, muulize anayemuuguza. Mke akisema watoto walihamia chumba kingine, andika.

Hatua ya 2: Mtazame shingo na uso, mbele na pembeni. Hapa ndipo wengi tunapita haraka. Mama amejitanda ushungi, na chini yake kuna rovu, au kovu la moto lililovuta kidevu hadi kifuani. Vuta pazia, omba kwa heshima, au mwite muuguzi wa kike. Mzee wa ndevu nyingi huenda anaficha kidevu kidogo, tena ndevu zenyewe zinafanya maski ivujishe hewa. Mapengo pia yanasumbua maski, kwa sababu mashavu yanabonyea. Meno ya kahawia tuliyozoea kuyaona Singida kwa ajili ya floridi ya maji hayakuhusu, ila gusa ujue lipi linacheza.

Hatua ya 3: Mdomo. Akae wima, afungue mdomo mwisho wa uwezo. Vidole vyake vitatu (vyake, si vyako) viingie vikiwa vimesimama kati ya meno ya juu na ya chini. Chini ya sentimita 3, jiandae. Kisha atoe ulimi nje, akiwa kimya. Tumezoea kuwaambia waseme "aaa" kama tunatafuta tonsili, na sauti hiyo inainua kaakaa na kukupa daraja zuri la uongo. Ukiona kilimi chote na nguzo za pembeni mwa koo ni Mallampati 1, daraja rahisi kuliko yote. Nguzo zikifichwa ni 2. Shina la kilimi tu ni 3. Kaakaa gumu peke yake ni 4. Daktari Mallampati alipokieleza kipimo hiki mwaka 1985 madaraja yalikuwa matatu, la nne wakaliongeza Samsoon na Young mwaka 1987.

Hatua ya 4: Ang'ate mdomo wa juu kwa meno ya chini. Asipoufikia kabisa, hiyo ni ishara mbaya. Kipimo hiki hakina gharama, na uchambuzi wa 2018 wa Cochrane, mtandao unaojumlisha tafiti za tiba, ulikiona kinanasa wagonjwa wagumu kuliko vipimo vingine vya kitandani. Ningelazimishwa kubaki na kimoja, ningebaki nacho.

Hatua ya 5: Shingo. Ainue kichwa, atazame dari. Pima kutoka kongomeo hadi ncha ya kidevu. Chini ya sentimita 6 ni fupi. Shingo nene, inayozidi sentimita 40, nayo iandike.

Hatua ya 6: Amua, na uamuzi uonekane kwenye faili. "Njia ya hewa sawa" haimsaidii mtu wa zamu ya usiku. Andika: mdomo vidole viwili, Mallampati 3, haung'ati mdomo wa juu, bugi (kijiti cha kuongozea tyubu) iwe mezani, mtu wa pili awepo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, asante kwa somo. Juzi mgonjwa alikuwa Mallampati 1 na tyubu ikagoma. Nilipima vibaya?

Si lazima. Kwenye kumbukumbu za wagonjwa waliolazwa usingizi Denmark, zilizochapishwa mwaka 2015, asilimia 93 ya waliosumbua kuwekewa tyubu hawakuwa wametabiriwa. Vipimo hivi vinakuonya, havikupi kibali. Kwa hiyo hata kwa mgonjwa anayeonekana rahisi: oksijeni kwa maski iliyobana dakika tatu, maski ya koromeo (ile inayoingizwa mdomoni ikakaa juu ya koromeo) karibu, na ukomo wa majaribio ya kuweka tyubu. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 unasema matatu, la nne ni la mtu mzoefu zaidi yako. Kila jaribio linaongeza uvimbe na damu.

Sisi tuko Chemba, hatuna laringoskopu ya kamera (kifaa cha kuonea koromeo wakati wa kuweka tyubu). Nani nimpe rufaa?

Dalili moja ndogo isikukimbize. Ila mdomo usiofikia vidole viwili, shingo iliyogandishwa na kovu, au uvimbe unaomfanya apumue kwa mlio au ashindwe kulala chali: kama si dharura, usimlaze usingizi hapo. Piga simu kwanza, na barua ieleze ulichokiona, isiandikwe "kwa matibabu zaidi". Wala usimpe dawa ya kumtuliza njiani.

Shikamoo mwalimu. Mama wa upasuaji wa dharura mwenye presha ya mimba nampimaje?

Marahaba. Majibu ya kliniki usiyategemee, njia ya hewa inavimba zaidi wakati wa uchungu. Mtazame upya, hata nusu dakika. Kama hakuna kinachozuia, ganzi ya mgongo ndiyo chaguo la kwanza. Ikishindikana, andaa tyubu ndogo, 6.5 na 6.0, na mwinue kwa mashuka hadi tundu la sikio liwe sawa na juu ya mfupa wa kidari.

Mimi si mtaalamu. Babu anafanyiwa upasuaji Jumatano, meno yake ya bandia ayaache nyumbani?

Aje nayo, na kikopo chenye kifuniko kilichoandikwa jina lake. Mwambieni mtoa usingizi mapema. Wengine hupenda yabaki mdomoni wakati wa maski, kisha huyatoa kabla ya tyubu. Wengine huyatoa wodini. Na kama ana jino lake mwenyewe linalolegea, mwonyesheni ni lipi.