Jinsi ya kucheza Doom ya mwaka 1993 hadi uelewe utamu wake

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa fotokopi mjini Arua, Uganda. Mchana kompyuta zangu mbili huandika barua za kuomba kazi, risala za harusi na mitihani ya shule. Saa mbili usiku, nikishateremsha mlango wa bati, moja kati ya hizo hugeuka kituo cha wanajeshi kwenye Phobos, mwezi wa sayari ya Mirihi. Hapo ndipo ninapocheza Doom, gemu ya kompyuta ya kupigana na mazimwi kwa bunduki, na hapo ndipo nilipowafundisha wengine: mtoto wa kaka yangu, vijana wawili wa bodaboda wanaoegesha mbele ya duka, na mwalimu mmoja aliyekuja kuchapa mtihani wa kidato cha pili akabaki hadi saa nne.

Wote waliniuliza swali lile lile. Gemu ya zamani hivi, picha zenyewe zimekatika vipande vipande kama zulia lililofumwa, damu kila kona, ina nini? Huwa siwajibu kwa maneno. Nawapisha kiti. Lakini wewe uko mbali, basi nitakuandikia vile ninavyowaambia wao wakiwa wamekaa.

Kuipata ni rahisi kuliko unavyofikiri. Doom ilitolewa tarehe 10 Desemba 1993 na id Software, kampuni ndogo ya Texas, Marekani, na tangu siku hiyo sehemu ya kwanza, yenye levo tisa, ilikuwa ya bure: watu waliambiwa wainakili na kuwapa wenzao. Faili lake, doom1.wad, lina takriban MB 4 tu, chini ya video nyingi unazotumiwa na jamaa kwenye simu. Mwaka 1997 kampuni ilifungua msimbo wa gemu, yaani maandishi ya programu yake, kwa umma, ndiyo maana leo kuna programu nyingi za kuiendesha kwenye kompyuta za sasa. Mimi natumia Crispy Doom. Ipakue, fungua folda yake, tia doom1.wad humo humo, bonyeza mara mbili. Umemaliza. Mashine yangu ni ya mtumba, yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, na haitoi hata jasho, maana gemu hii iliandikwa kwa kompyuta zenye kumbukumbu ya MB 4. Ukizimaliza levo za bure na mfuko hauruhusu kununua zilizobaki, kuna Freedoom, ambayo watu wa kujitolea waliichora upya yote na kuitoa bure. Kwenye simu pia inachezeka, ila mimi sikushauri. Vidole vinafunika nusu ya skrini, na gemu hii ni ya macho.

Kabla hujaanza, rekebisha mambo matatu. Katika mipangilio, weka herufi W, A, S na D za kibodi ziwe za kutembea. Zima mausi isikusogeze mbele na nyuma, kwa sababu zamani mausi ilifanya hivyo, na mgeni hujikuta ametumbukia kwenye tindikali bila kujua kilichomsukuma. La tatu, vaa hedifoni. Hilo nitalirudia.

Chagua ugumu wa tatu kati ya mitano. Wa kwanza na wa pili ni mwepesi mno, utadhani gemu yenyewe ni kufyatua tu, kisha utaifunga na kusema haina kitu.

Sasa somo lenyewe. Linaanza miguuni, bunduki baadaye.

Shikilia Shift ukimbie. Shujaa wa Doom ana mbio ambazo gemu nyingi za leo hazimpi mtu. Imp, lile zimwi la kahawia lenye miiba mabegani, anapokurushia moto, moto ule huenda polepole kuliko wewe unavyokimbia. Soma tena hapo. Unaweza kuuona ukija, ukaamua uupishe kushoto au kulia, ukapita na kumfikia mwenyewe kabla hajainua mkono tena. Wengi wa wanaoanza husimama wakalenga, kwa sababu gemu za leo zimewazoesha kujificha nyuma ya ukuta na kungoja damu irudi yenyewe. Hapa hairudi. Afya yako ni asilimia iliyoandikwa chini ya skrini, na utaipata tu kwa kuokota visanduku vya dawa huko mbele, kule kule waliko wanaokutaka roho. Kwa hiyo nenda. Ukipigwa, nenda. Kijana mmoja wa bodaboda alilielewa hili mapema kuliko wote. Aliniambia ni sawa na kupita mzunguko wa barabara saa kumi na moja jioni: anayesita ndiye anayegongwa.

Zoezi langu la kwanza kwa kila mtu ni hili. Ingia levo ya kwanza, panda ngazi zilizo kushoto kwako uchukue dirii ya kijani, kisha nenda kwenye chumba chenye njia ya zigizaga juu ya dimbwi la kijani. Imp wa mbali ataanza kurusha. Usipige risasi hata moja. Zunguka tu kwa dakika moja ukikwepa, ukienda upande kwa upande huku uso ukimtazama yeye. Dakika hiyo ikiisha bila moto kukugusa, umeshapata nusu ya gemu.

Nusu ya pili ni kujua nani wa kumpiga kwanza. Wanajeshi waliogeuka mazombi hupiga risasi za kweli, na risasi haionekani ikija, huwezi kuikwepa. Basi wao kwanza, hasa yule sajenti mwenye upara, maana bunduki yake ya marisau inauma. Imp na moto wake anaweza kusubiri. Lile dude nene la waridi lenye mdomo mpana halirushi chochote, linakuja kung'ata tu. Rudi nyuma taratibu huku ukilipiga, au uwe na msumeno wa injini, ambao umefichwa katika levo ya pili. Na usihangaike kulenga juu wala chini. Adui akiwa kibarazani, elekeza bunduki upande wake tu, gemu itapandisha risasi yenyewe.

Silaha utakayoipenda ni bunduki ya marisau. Sajenti akianguka huiacha chini, iokote. Hutoa gololi saba kwa mkupuo, na ukiwa karibu mara nyingi imp huondoka kwa mkupuo mmoja. Ukiwa mbali gololi hutawanyika, nusu zinakula ukuta. Kwa hiyo silaha yenyewe inakuvuta usogee karibu, na ukisogea karibu unapigwa, na ukipigwa lazima ukimbie. Mlio wake, kisha ule mkono unaovuta na kurudisha, ndio mdundo wa gemu nzima. Mimi hucheza kwa kuuhesabu: piga, kwepa wakati mkono unavuta, piga. Mtu akishaupata mdundo huo huacha kuniuliza ina nini.

Tuje kwenye damu, maana najua ndiyo iliyowasimamisha wengi mlangoni.

Damu ya Doom inakupa habari. Ukimpiga adui, matone huruka pale pale risasi ilipoingia. Ukikosa, ni vumbi la ukuta. Hivyo hata katika giza unajua. Tazama pia ule uso mdogo chini katikati ya skrini: ni wa kwako. Afya ikishuka unavimba na kuchuruzika, na ukipigwa kutoka kushoto macho yake yanageukia kushoto, yakikuonyesha wa kugeukia. Adui akipasuka vipande badala ya kuanguka mzima, ujue umetumia nguvu nyingi kupita kiasi, labda roketi kwa mtu aliyestahili marisau, na roketi hiyo utaililia levo ya mbele. Na maiti hazipotei. Kila uliyemwangusha hubaki alipoanguka hadi levo iishe. Kumbuka hili la maiti.

Wachoraji wake walifanya kazi kwa mikono. Baadhi ya mazimwi yalifinyangwa kwanza kwa udongo, yakapigwa picha pande zote, kisha yakaingizwa kwenye kompyuta. Bunduki kadhaa ni za kuchezea watoto, zilizonunuliwa dukani na kupigwa picha. Nikijua hivyo naiona alama ya kidole kwenye kila pembe ya zimwi, na naipenda zaidi.

Turudi kwenye hedifoni. Kila zimwi lina sauti yake linapokuona, na ukishazizoea utajua kilichoamka nyuma ya ukuta kabla hujakiona. Nao wanakusikia. Mlio wa bunduki yako husafiri kutoka chumba hadi chumba kupitia kila uwazi, na mlango uliofungwa huuzuia. Kwa hiyo kabla ya kufungua mlango, amua: nataka waje, au nataka niwakute? Wapo wanaofyatua mara moja, wakarudi kwenye kona na kuwasubiri mmoja mmoja. Inafanya kazi, lakini inachosha, nami nawakataza wanafunzi wangu wasiizoee.

Bora uwagombanishe. Zombi akipiga risasi ikampata imp kwa bahati mbaya, imp humgeukia, na wewe unasahauliwa. Simama mahali ambapo wao kwa wao wako kwenye mstari mmoja, wewe mwisho, kisha toka haraka. Moto wa imp haumuumizi imp mwenzake, kwa hiyo unahitaji aina mbili tofauti. Nimewahi kusafisha chumba kizima kwa risasi nne, vita vikiwa vyao. Mapipa nayo ni rafiki yako ukiwa mbali na adui yako ukiwa karibu. Hayo utajifunza mwenyewe mara ya kwanza yakikulipukia.

Siri zipo karibu kila levo. Ukuta wenye rangi isiyolingana na jirani yake, usogelee ubonyeze Space. Bonyeza Tab uone ramani.

Kuhusu kuhifadhi: umeme wa Arua ninaoujua mimi hukatika bila kuaga, kwa hiyo hifadhi kwa F2 kila unapoanza levo mpya. Katikati ya levo usihifadhi. Ukifa, anza upya na bastola yako na risasi hamsini. Levo ni fupi, na ukiijua ile ya kwanza unaimaliza chini ya dakika moja. Woga wa kupoteza ulichokusanya ndio unaofanya kisanduku cha dawa kiwe na utamu.

Ukifika levo ya nane utakutana na mabaroni wawili, wenye miguu ya mbuzi na moto wa kijani. Kila mmoja hustahimili mikupuo kumi na tano hivi ya marisau, gololi zikiingia zote. Usirudi nyuma ukutani. Uwanja ni mpana, uzunguke wote, na ule mdundo wa piga, kwepa, piga utakufikisha.

Limebaki moja, nalo ni la nyumbani. Mwaka 1980 mama yangu alivuka mpaka kuingia Zaire, Kongo ya leo, akimbeba kaka yangu mgongoni, wakati watu wa West Nile, eneo letu hili, walipokuwa wakikimbia vita. Mimi nilizaliwa huko upande wa Ariwara, ndiyo maana Kiswahili ni lugha ya nyumbani kwetu. Mama ameona damu ya kweli. Kwa hiyo sichezi mbele yake bila kumwuliza, sichezi mbele ya watoto wadogo, na mlio hauvuki hedifoni. Nawe ukikaa na mtu wa aina hiyo, fanya hivyo hivyo. Usimwambie ni picha tu.

Usiku mmoja mvua ilimzuia mama dukani. Nilikuwa kwenye levo ya pili na mtoto wa kaka yangu, tumepotea katika ule mzingile wa giza wenye taa zinazowaka na kuzima, tukitafuta mlango mwekundu.

"Mama, nizime?" nikamwuliza.

"Endelea." Akavuta kiti, akatazama muda mrefu bila neno. Nikakata kona, nikaingia ujia mwingine.

"Huko mlishapita," akasema. "Si wale wamelala?"

Kijana akacheka kwa furaha: "Shangazi, bibi ameona!"

Nikageuza. Ujia wa pili sakafu yake ilikuwa tupu, haina hata mmoja aliyelala. Tukaufuata, na mlango mwekundu ulikuwa mwishoni.