SOMO: Jinsi DNA inavyotolewa kwenye mifupa ya watu wa kale

Habari wadau, hasa wa huku Kusini. Tangu utoke ule utafiti wa 2023 uliopima DNA (maelekezo ya urithi yaliyomo mwilini) ya watu 80 wa kale, wengi wa pwani ya Waswahili, kujua asili yao, wengine walizikwa Kilwa na kisiwa cha jirani cha Songo Mnara, watu hapa Lindi wanauliza mtu kafa miaka 600 DNA inatoka wapi. Naeleza.

Adui ni wawili, joto na sisi wenyewe. Joto na unyevu wa pwani vinaikatakata DNA mpaka vinabaki vipande vya herufi 30 mpaka 70 hivi (DNA imeandikwa kwa herufi nne za kikemia, A, C, G na T), na sisi tukisogea tu tunamwagia ya kwetu, mate, jasho, ngozi.

1. Mfupa. Bora ule mgumu wa ndani ya sikio, kwenye fuvu, ukikosa chukua mzizi wa jino.

2. Chumba. Ovaroli, barakoa, glavu mbili mbili, meza inafutwa kwa jiki, taa za UV (mionzi inayoharibu DNA ya watu iliyobaki mezani) zinawashwa watu wakitoka. Kazi ya kuzalisha nakala za DNA ifanyike chumba kingine kabisa, na ukishaingia huko leo usirudi chumba safi.

3. Unga. Kwangua uso wa mfupa kwanza halafu toboa taratibu, drili ikikimbia inachemsha mfupa na kile kidogo ulichonacho unakiua. Miligramu 50 zinatosha, ni unga wa kushika kwa ncha ya kisu.

4. Unaloweka unga kwenye EDTA, kemikali inayoyeyusha kalisi ya mfupa, pamoja na enzaimu ya kula protini, nyuzi 37, tyubu zinazunguka usiku kucha. Kesho yake DNA inanasishwa kwenye silika (madini kama ya mchanga au kioo), inaoshwa kwa spiriti, inatolewa. Siku zote weka na tyubu isiyo na mfupa jamani, hiyo ikitoa DNA ya mtu ujue mmechafua.

5. Vipande vya DNA vinaungwa ncha zenye alama, vinasomwa na mashine.

MASWALI

Mdau wa Masasi: Mkuu, mnajuaje sio DNA ya mchimbaji?
Jibu: DNA ya kale imeoza nchani kaka, herufi C inasomeka T. Ya mchimbaji bado nzima.

Mdau wa Kilwa Masoko: Shikamoo mwalimu. Hao ni wazee wetu, mnawatoboa tu?
Jibu: Marahaba dada. Bila kibali cha Idara ya Mambo ya Kale ya serikali hakuna kugusa, na mimi nasema wazee wa kijiji waulizwe kabla ya jembe la kwanza. Ndo maana nasisitiza unga kidogo, mfupa ubaki.

Mdau wa Mtwara: Sasa sisi Waajemi au Waafrika?
Jibu: Wengi kati ya waliopimwa upande wa mama ni Waafrika, upande wa baba kuna Waajemi wengi, na walianza kuoleana kwenye miaka ya 1000.