Kupaka Rangi Farasi Wadogo wa Michezo ya Vita ya Mezani

Osha sanamu kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni, iache ikauke kabisa, kisha ipake rangi ya msingi. Hapa Mwanza, hasa wakati wa masika, unyevunyevu wa hewa ya ziwani unaweza kuifanya rangi ya kupuliza ikauke ikiwa na chembechembe zinazoficha misuli iliyochongwa kwa ustadi. Kwa hiyo subiri jua lipande, au tumia brashi.

Anza na farasi mwenye mwili wa kahawia nyekundu, ambaye manyoya ya shingo, mkia na sehemu ya chini ya miguu huwa meusi. Mwili ukishapata kahawia, mwagia rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ili itulie mabondeni, kisha rudisha kahawia iliyokolezwa machungwa kidogo mgongoni na mapajani. Kwato ndizo zinazosahauliwa mno: mguu wenye soksi nyeupe, yaani manyoya meupe sehemu ya chini, kwa kawaida huwa na kwato za rangi hafifu, na mguu mweusi kwato nyeusi. Farasi mweupe apakwe kijivu kwanza, kwa kuwa ngozi ya pua yake kwa kawaida ni nyeusi. Hatamu na tandiko vije mwishoni.